Kimbunga kimepita Kilwa, mtalaka wangu yuko Kivinje. Nimtafute au ninyamaze?

BintiMikindani
Jumapili 5 Mei 2024, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Poleni nyote wa kusini, najua tangu Ijumaa hakuna aliyelala usingizi wa kueleweka.

Naandika nikiwa Mtwara, umeme umerudi magharibi hii. Kwetu kimbunga Hidaya kimetupitia kwa mvua na upepo, mkorosho mmoja wa uani umeng'oka ukaangukia banda la kuku, basi. Watu wote wa nyumbani ni wazima, Alhamdulillah. Ila akili yangu haiko hapa, iko Kilwa.

Niliolewa Kilwa Kivinje, nikakaa miaka sita. Mwishoni mwa 2019 tukaachana. Sitaki kusema nani alimkosea nani, wazee walikaa vikao vitatu na ikashindikana. Akaandika talaka, nikakaa eda kwa mama yangu Mikindani, eda ikaisha. Yeye kaoa, nasikia ana watoto wawili sasa. Mimi sijaolewa tena. Toka hapo tumesemezana mara moja tu, kwenye msiba wa baba yake mwaka 2022. Nilisema "pole", akasema "nimeshapoa", kila mtu akaenda upande wake.

Kazi yake ni bahari. Wala si mvuvi wa kutoka alfajiri na kurudi mchana, ni wa dago. Wanahamia visiwani kule Songosongo, wanalala hukohuko siku nyingi wakifuata samaki. Nilipokuwa mkewe nilijifunza pepo zote kwa sababu ya kumngojea, nikisikia tu makuti ya jikoni yanavyolia najua leo atachelewa. Sasa jana Jumamosi kimbunga kimeingia Mafia, na toka Mafia hadi Songosongo si mbali kwa anayeijua ile bahari. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza kuwa kimeisha nguvu. Kimeisha nguvu, lakini aliyekuwa kisiwani je?

Namba yake nilishaifuta kwenye simu, ila kichwani haijafutika. Tangu jana usiku nimekaa na simu mkononi. Nimeandika "Assalam alaykum, mko salama?" nikafuta. Nikaandika tena "uko salama?" nikabadilisha, nikarudisha "mko". Nimekaa karibu saa nzima kwenye neno hilo moja. Sijatuma.

Naombeni ushauri wa watu wazima. Mtu mliyeachana, ana mke wake na nyumba yake, likija janga la Mungu unamtafuta au unamwachia mwenyewe na watu wake? Nawasilisha.

---

Newala_Juu
saa 2:24 usiku

Dada, acha. Ana mke, na huyo mke ndiye anayejua kama mumewe yuko dago au amelala ndani. Jiweke nafasi yake: hajala, hajalala, paa linavuja, watoto wamelowa, halafu simu ya mumewe inaita na anayepiga ni mke aliyemtangulia. Utakuwa umemsaidia nani? Kama kuna msiba utausikia. Habari ya msiba haijawahi kupotea njia huku kwetu.

---

BintiMikindani
saa 2:31 usiku

Hilo la kuusikia ndilo ninaloliogopa, kaka.

---

NahodhaMstaafu
saa 2:58 usiku

Binti, mimi ni mtu wa Kilwa Masoko, nimeacha bahari mwaka juzi kwa sababu ya mgongo. Kabla hujaamua la moyo, nikupe ya bahari kwanza, maana naona unajitesa kwa mambo usiyoyajua.

Moja. Kimbunga hiki hakikuja kama mwizi. Redio na simu zilikuwa zinatangaza tangu katikati ya wiki kwamba vyombo vidogo visitoke. Diko la kwetu, pale vyombo vinapotia nanga, kufikia Ijumaa mchana mashua zilishavutwa juu mpaka chini ya minazi, na ngalawa zimepinduliwa na kufungwa kamba. Mvuvi wa dago si mjinga, anaisoma bahari kabla ya kusikiliza redio. Bahari ikibadilika rangi na mawimbi yakaja marefu ilhali upepo bado mdogo, anajua. Wengi walirudi. Siwezi kuapa kwa kila mtu, ila wengi walirudi.

Pili, simu. Kutopatikana si kufa. Mnara wa simu una betri zake, umeme ukikatika unakaa saa kadhaa kisha nao unalala. Hapa kwangu mtandao umekuja jioni hii na unakwenda na kurudi. Ukiona tiki moja usianze kulia.

Tatu, na hili wengi hawalifikirii: usipige mara kumi kumi. Mtu aliye gizani ana chaji kidogo aliyoiwekea akiba, na kila simu inayoita inamla chaji. Andika ujumbe mfupi wa kawaida, si wa intaneti. Ule unangoja. Siku simu itakapowaka utaingia wenyewe.

Nne, naona watu wanasema barabara imekatika kwa hiyo Kilwa haifikiki. Iliyokatika ni huko Somanga, na Somanga ni mbele ya Nangurukuru kwa anayetoka kwenu. Kwenda Kivinje unaacha barabara kuu hapo hapo Nangurukuru, kwa hiyo hupiti Somanga. Sikwambii usafiri, mvua haijakata na sijui hali ya vidaraja vya njiani. Nakwambia tu ili usidhani wamefungiwa duniani kule.

La kumtafuta au kutomtafuta nawaachia wengine.

---

AbiriaWaDar
saa 3:20 usiku

Niko hapo Somanga alipopataja nahodha, upande wa Dar. Basi letu limekwama tangu jana, mbele yetu lami imeliwa na maji, shimo mtu mzima anaingia akapotea. Tuko wengi, mabasi na malori. Wenyeji wa hapa Mungu awalipe, wametuletea chai na samaki, wengine wamewachukua kina mama wenye watoto wakawalaze ndani kwao.

Nimeusoma uzi huu kwa sababu leo asubuhi yalinitokea mimi. Mama wa wanangu, tumeachana mwaka wa nne sasa, kanipigia. Sijui nani kamwambia nimesafiri. Hatukufika hata dakika mbili.

"Uko kwenye hayo mabasi?"
"Nipo."
"Umekula?"
"Nimekula."
"Haya."

Akakata. Mimi sina ushauri, dada. Nasema tu kwamba ile "haya" nimekaa nayo tangu asubuhi na imenifanyia wema kuliko blanketi.

---

MamaWaShangani
saa 3:47 usiku

Mwanangu BintiMikindani, mimi niko upande wa pili wa jambo lako, upande wa mke. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Aprili 2019, wakati wa kimbunga Kenneth. Kila mtu wa Mtwara anaikumbuka ile Alhamisi tarehe 25. Tuliambiwa tuliokaa karibu na bahari tuhame, tukaenda kulala kwenye darasa la shule. Tulikuwa familia nne humo ndani, magodoro yamegusana. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, na mama mkwe wangu mgonjwa kalala pembeni yangu. Saa 5 usiku simu ya mume wangu ikalia ujumbe. Alikuwa amelala, nikaichukua nikijua labda ni serikali ya mtaa wanatoa tangazo. Haikuwa hivyo. Ni mwanamke aliyekuwa naye kabla yangu. Kaandika: "Nimeshindwa kulala. Uko salama?"

Uko. Tulikuwa watu saba wa nyumba moja mle darasani, pamoja na yule mama mgonjwa aliyewahi kumpikia uji huyo binti enzi zao. Kauliza mtu mmoja.

Kimbunga chenyewe kikaingia ng'ambo ya Ruvuma, kikapiga wenzetu wa Cabo Delgado, Msumbiji, sisi tukarudi nyumbani asubuhi vyombo vyetu vikiwa vizima. Lakini mimi sikurudi nilivyotoka. Mwaka mzima nililitafuna lile neno. Najua huyo binti pengine hakuwa na nia mbaya, alikuwa na hofu tu. Nimelisamehe. Ila nakwambia kwa kuwa umeandika mwenyewe kwamba umekaa saa nzima kati ya "uko" na "mko". Hukupoteza muda, mwanangu. Kati ya hayo mawili ndipo mambo yote yalipo. Angeandika "mko salama?" ningemjibu mimi mwenyewe, usiku ule ule, kwa mkono wangu.

Kwetu pole huwa ni ya nyumba. Unaingia mlango wa mbele, unawapa wote, mkubwa na mdogo, unatoka. Pole ya mtu mmoja inaingilia dirishani.

---

Nyangao_Mkulima
saa 4:05 usiku

Mama Shangani umesema kweli, lakini naomba niongeze upande wa aliyenyamaza, maana ndiyo upande wangu.

Januari 2020 mafuriko ya Lindi yalipowapiga watu wa mabonde ya Kilwa, mtalaka wangu alikuwa kwa wazazi wake huko huko. Watu walifariki na wengine waliokolewa juu ya miti. Nilikuwa Nyangao, mzima, simu ina salio. Nikasema nitapiga kesho, kesho nikasema ana kaka zake. Ukweli ni kiburi. Nilihofia atadhani namtaka tena.

Kama miezi mitano baadaye nikakutana naye Nangurukuru stendi, ananunua mihogo ya kuchoma. Tumesalimiana vizuri. Nikamwambia, mama fulani, nilisikia mlipata mafuriko, pole sana. Akanitazama, akasema bila hasira yoyote: "Nimeshapoa. Walionipigia niliwahesabu." Akalipa mihogo yake akapanda gari.

Mpaka leo nikipita Nangurukuru siwezi kuteremka upande ule. Hakufa mtu wa kwao. Hakuna hasara niliyoisababisha. Lakini aliwahesabu, na mimi sikuwemo. Wazee walisema undugu ni kufaana, na mimi nilikula chumvi ya nyumba ile miaka minane.

---

Newala_Juu
saa 4:12 usiku

Mkuu Nyangao, wewe ulizaa naye? Maana hapo ndipo hukumu yangu ilipo. Wakiwepo watoto kuna sababu, unapiga unasema naulizia watoto, hakuna wa kukulaumu. Mleta uzi hajataja mtoto. Asiye na mtoto kule anaingia kwa sababu gani? Sisemi kwa ubaya, dada, nakulinda heshima yako.

---

BintiMikindani
saa 4:50 usiku

Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilizima simu nikaenda kukaa nje kidogo.

Tuna mtoto.

Sikuandika mwanzoni, nilidhani naweza kuomba ushauri nikalikwepa hilo. Alikuwa wa kiume. Homa ilimchukua siku tatu, Agosti 2017, na alikuwa na miezi kumi na moja. Amezikwa Kivinje, makaburi ya upande wa mikoko, karibu na babu zake. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hufika karibu na pale hata siku ya kawaida, achilia mbali siku ya kimbunga. Kaburi lake halina saruji, ni mchanga na mashahidi mawili ya mbao, alama za kichwani na miguuni, aliyoyachonga baba yake usiku ule ule. Kwenye lile la kichwani aliandika jina kwa rangi ya mashua, ile nyekundu ya kupakia ubavuni. Herufi ya mwisho ilimkaa vibaya kwa kuwa mkono ulikuwa unatetemeka. Mimi nilikuwa namshikia taa.

Nilipoondoka Kivinje niliweza kubeba makabati, vyombo, cherehani. Yeye sikuweza kumbeba.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Newala umeuliza sawasawa, na mimi ndiye niliyeuliza nusu. Namhofia baba yake, huo ni ukweli na sitaukana. Lakini kila nikifumba macho naona maji yako pale kwa mtoto. Na mtu wa kumwuliza hilo duniani ni huyo mmoja, ambaye sina ruhusa ya kumpigia.

---

Newala_Juu
saa 4:58 usiku

Dada nisamehe. Sikujua. Nimesoma nikiwa nimekaa, nikasimama.

Nafuta nilichosema. Una mlango.

---

UstadhiLindi
saa 5:15 usiku

Dada yangu, Allah amfanye mtoto wako awe mtangulizi wako na mwombezi wako.

Kwa sheria yetu, eda ikishakwisha nyinyi ni watu baki. Hakuna kukaa faragha, hakuna maneno ya mahaba, na simu ya usiku wa manane kati yenu ni faragha pia. Lakini kumpa pole Mwislamu mwenzako aliyefikwa na balaa hakukatazwi, na talaka ilikata ndoa, haikukata uzazi. Wewe ni mama yake yule mtoto mpaka siku ya kufufuliwa. Kuliuliza kaburi lake ni haki yako.

Njia ndiyo ya kuchagua. Pitia kwa wanawake. Mama mkwe wako yuko hai? Wifi je?

---

BintiMikindani
saa 5:19 usiku

Mama mkwe yuko hai lakini hasikii vizuri kwenye simu. Wifi yupo, mkubwa wa mume wangu, tulikuwa tunapendana. Namba yake ninayo. Miaka minne sijampigia, nilidhani nikiachwa na kaka nimeachwa na dada.

---

MamaWaShangani
saa 5:26 usiku

Hujaachwa na dada. Wifi ni wifi. Nimekusoma hapo juu nikalia, mwanangu, na mimi ni mtu mzima.

Fanya hivi. Usitume usiku huu, ujumbe wa usiku unasomwa kwa hofu. Tuma kesho asubuhi baada ya watu kunywa chai. Mtumie wifi. Anza na pole ya wote na umtaje mke wa kaka yake kwa heshima, kwamba "shemeji zangu na wanangu wote". Kisha uulize la mtoto waziwazi bila kuzunguka. Usiseme "nimewaota", usiseme "sijalala". Wao ndio ambao hawajalala.

Ukijibiwa ukaambiwa wako salama, useme Alhamdulillah na uishie hapo. Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Tunaulizia uzima, tukishaupata tunataka na mazungumzo.

---

BibiYanguLindi
Jumatatu 6 Mei, saa 12:40 asubuhi

Nimeamka na uzi huu. Bibi yangu aliyenilea alikuwa msichana wakati kimbunga cha Aprili 1952 kilipoipiga Lindi. Alikuwa akitusimulia tukiwa tunabangua korosho, na kila mara alifika sehemu moja akasita. Anasema asubuhi yake watu walipita nyumba kwa nyumba wakipiga hodi. Hata nyumba zilizobaki nguzo tupu, mtu anasimama pale mlango ulipokuwa, anaita hodi, anangoja aitikiwe karibu ndipo anapita. Na aliyekuja kuwaangalia wao wa kwanza kabisa alikuwa mume wa zamani wa mama yake, waliyekuwa hawasemezani naye kwa kesi ya shamba la minazi. Alisimama nje, akahesabu vichwa kwa kidole, akasema "mmetimia", akaondoka. Kesi ya minazi iliendelea, lakini bibi alikuwa akimtaja kwa heshima hadi anakufa.

Piga hodi, dada.

---

BintiMikindani
Jumatatu 6 Mei, saa 2:15 asubuhi

Nimetuma. Nanukuu nilivyoandika, kama nimekosea mniambie:

"Assalam alaykum wifi yangu. Poleni sana kwa kimbunga, wewe, mama, kaka, mke wake na wanangu wote. Nyote mko salama? Naomba pia unijulishe kule kwa mtoto wetu kama maji yamefika. Usihangaike kunipigia kama hamna chaji. Ni mimi wifi yako wa Mikindani."

Haujafika bado. Nangoja.

---

NahodhaMstaafu
saa 2:40 asubuhi

Umeandika vizuri. Kuhusu maji, nikuambie ninavyojua. Kimbunga kimetukuta mwezi ukiwa umezeeka, bamvua lilikuwa halijakomaa. Mwezi mpya ni Jumatano hii, maji makubwa yenyewe yanakuja siku moja mbili baada ya hapo. Kingekuja na bamvua pamoja, Kivinje ingekuwa habari nyingine kabisa. Na mikoko ya pale usiidharau. Mawimbi yanapoingia kwenye mizizi yanagawanyika, yanaishiwa nguvu, yanabaki maji tu ya kupanda na kushuka. Watu wanaoikata mikoko kwa ajili ya boriti na mkaa hawajui wanachokikata.

---

Nyangao_Mkulima
Jumatano 8 Mei, saa 1:30 usiku

BintiMikindani, umepata neno?

---

BintiMikindani
Jumatano 8 Mei, saa 2:05 usiku

Bado. Wifi hapatikani. Leo nimekwenda kazini kubangua, nimejikata kidole. Msimamizi akanirudisha nyumbani.

Namba ya kaka sijaipiga. Nimeshika maneno ya Mama Shangani.

---

BintiMikindani
Jumatano 15 Mei, saa 3:10 usiku

Ndugu zangu, nisameheni kukaa kimya. Niliyonayo niliyapata tangu Ijumaa, ila nilitaka kwanza yatulie ndani yangu, halafu toka Jumapili intaneti nchi nzima ikawa shida kwa sababu ya nyaya za chini ya bahari, uzi ukawa haufunguki.

Ijumaa tarehe 10, saa 4 asubuhi, simu yangu iliita. Jina la wifi. Nikapokea, nikasema "wifi!" kwa sauti. Upande wa pili kimya kidogo, kisha sauti nisiyoijua ikasema: "Si wifi, dada. Ni mimi, mke wa kaka."

Simu ya wifi ililowa ikafa. Wakachukua laini yake wakaiweka kwenye kitochi cha huyu mke, maana ndiyo simu pekee pale nyumbani iliyobaki na uhai, wanaichaji kwa sola ya jirani. Laini ilipowaka, ujumbe wangu ukaingia. Kwa hiyo aliyeusoma wa kwanza ni yeye.

Nilikaa chini pale pale nilipokuwa nimesimama, kwenye ngazi ya jikoni.

Akasema: "Nimeona umeandika mpaka mimi, nikasema nijibu mwenyewe." Akanihesabia mmoja mmoja, kama yule mzee wa bibi wa Lindi. Mama yuko salama, amepata kikohozi. Wifi yuko salama. Watoto wako salama, mdogo alilia usiku kucha. Paa la jikoni limekwenda, mabati matano, mawili wameyaokota. Kaka alirudi kutoka dago Alhamisi ile kabla ya kimbunga, ila mashua imevunjika mbavu kwa kugongana na nyingine pale walipoivuta. Kazi hana kwa sasa. Alinisemea yote hayo bila haraka.

Mimi nikashindwa kuuliza lile jingine. Akaniuliza yeye: "Na la mtoto hutaki kulijua?"

Maji yalifika. Yalipita juu ya makaburi ya upande ule yakatoka. Mchanga wa mtoto haukuchukuliwa, kuna mizizi ya mkwaju inaushika. Shahidi la miguuni limesimama. Lile la kichwani lilikuwa limelala, yeye ndiye aliyekwenda Jumatatu akalisimamisha, akashindilia mawe. Nikamwambia ahsante, ahsante, sikuwa na neno lingine. Akasema: "Mbona ni kawaida yangu. Kila Shaabani nalipalilia mimi. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Miaka yote minne nimelala nikijua mwanangu yuko kule peke yake na majani yamemfunika. Kumbe kuna mwanamke nisiyemjua uso anakwenda na jembe lake.

Mama Shangani, niliogopa kumuumiza mtu ambaye alikuwa ananilelea.

---

MamaWaShangani
saa 3:22 usiku

Allahu Akbar. Mwambie huyo binti kuna mama Mtwara anamwombea. Nimemaliza.

---

AbiriaWaDar
saa 3:30 usiku

Mimi nilifika Lindi salama, barabara ilishapitika. Nimefurahi kusoma hii kuliko nilivyofurahi kufika.

---

Newala_Juu
saa 3:41 usiku

Dada, na yeye mwenyewe? Mliongea?

---

BintiMikindani
saa 3:58 usiku

Hapana. Hakuniuliza kama nataka kuongea naye, na mimi sikuomba. Lakini wakati tunazungumza nilisikia nyuma yake mtu anapiga nyundo, tena mtu huyo akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha asubuhi. Nakijua kile kikohozi. Nikamjua yupo, anatengeneza mashua. Nikatosheka. Sikudhani ningetosheka na kitu kidogo hivyo, ila nimetosheka.

Jana nimewatumia 40,000 za mabati, nimetuma kwa jina la wifi. Si nyingi, ni nilizokuwa nazo.

Kuna moja sijawaambia. Kabla hatujaagana yule dada alisema maandishi ya kwenye shahidi yamefutika, maji yameondoa rangi yote, na yeye jina kamili la mtoto hajawahi kuliandika, analijua kwa kusikia tu. Mume wake ameshasema atapaka upya, lakini tarehe amezisahau na ameona haya kuuliza. Akasema, "Niandikie wewe, dada, ni mama yake."

Nimemwandikia leo alasiri. Jina lake, la baba yake likifuata, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa. Nimesoma mara tatu nisikosee herufi. Nikatuma saa 10 kamili. Saa 10 na dakika nne akajibu: "Limefika."